Ukanda Uliorudi Mzima

Ndugu zangu, naomba mnivumilie, na naomba msinipigie makofi. Mchungaji alinipa nafasi hii tangu kabla ya mavuno ya maharage, nikawa namkwepa. Nilisema naumwa jino, nikasema nina mgeni. Leo nimeishiwa visingizio. Nimekuja na ndoo ya maji, mnaiona hapa miguuni pangu, na ndani yake kuna kitu nitawaonyesha baadaye. Ninyi wa benchi la mbele msichungulie.

Sitamtaja mtu jina. Baadhi yenu mnawajua wahusika, na mmoja wao amekaa humu humu ndani. Nimemwomba ruhusa. Alinijibu kwamba niseme yote au nikae nyumbani, basi nitasema yote.

Mimi nilizaliwa Singida, nchi ya jua na vumbi. Baba yangu alikuwa mtu wa nyuki. Alipanda miti mikubwa kutundika mizinga na kurina asali, na alipanda kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe aliyemchuna mwenyewe. Aliikata ile ngozi mbichi ukanda mrefu, akausokota, akaukausha juani mpaka ukawa mgumu kabisa. Unauzungusha kwenye shina na nyuma ya kiuno chako, unafunga fundo, unaegemea nyuma, na mikono yote miwili inabaki huru kufanya kazi. Baba alipanda hivyo miaka yake yote, na alikufa kitandani kwa ugonjwa wa kifua. Nilipokuja huku Karatu kutafuta kibarua, ukanda ule ndio kitu pekee cha baba nilichobeba.

Mdogo wangu wa kike alinifuata baada ya mwaka wa njaa. Hakukaa sana akaolewa na Mwiraqw, mwenyeji wa Daa, mtu mpole, mrefu, mwenye utani usioisha. Huyo ndiye shemeji yangu. Alikuwa akiniambia kwamba sisi watu wa Singida tukinyeshewa mvua tunakimbilia zahanati, tunadhani ni maradhi. Mimi namjibu kwamba wao wa huku wakiona jua wanaliamkia. Tuliishi hivyo, na niseme wazi kwamba sijawahi kupata rafiki mwingine kama yule.

Tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwenye shamba kubwa la kahawa lililopakana na msitu wa Ngorongoro. Kazi yetu ilikuwa kupogoa migrevilea, ile miti ya kivuli iliyopandwa katikati ya kahawa. Unapanda na msumeno, unapunguza matawi ili kahawa ipate mwanga wa kutosha, unashuka, unapanda mwingine. Mimi nilikuwa napanda na ukanda wa baba. Shemeji alijifunga kamba ya katani, na kamba yenyewe ilikuwa imezeeka. Siku moja akiwa juu ikakatika uzi mmoja, akashuka taratibu, akanionyesha. Alisema anataka kitu cha maana cha kupandia.

Mjini Karatu kulikuwa na mtu aliyewahi kufanya kazi ya nguzo za simu. Alikuwa anajiandaa kurudi kwao na alikuwa anauza mkanda wake wa kazi, mpana, una pete na kifungo cha chuma, umeshonwa vizuri. Shemeji aliuona akaupenda. Lakini bei ya yule bwana haikushuka. Ili aupate ilimlazimu auze mtamba wake, na mtamba ndiye huyo mmoja, ana mimba, na watoto walikuwa wanangoja maziwa.

Tukakaa nyumbani kwake tukalizungumza. Mdogo wangu alikuwa anachambua maharage, na ndiye aliyetangulia kusema. Alisema mtamba auzwe, maana ng'ombe mwingine atazaliwa. Shemeji akaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekulia chini ya mtu wa kupanda miti. Ndugu zangu, nawaambia, mtu akikuangalia namna ile, pima ulimi wako. Mimi sikupima. Nilicheka. Nikamwambia watu watamcheka sokoni, mtu mzima anauza ng'ombe mzima ili anunue mkanda, wakati mkanda ni ngozi ya ng'ombe huyo huyo. Nikasema, "Kwetu ngozi haijamwangusha mtu." Nikamwambia achukue ukanda wa baba, mimi nitapanda na kamba yake ya katani kwenye miti mifupi.

Na sikuishia hapo. Nilitaka kuwaonyesha. Kesho yake mchana, jua likiwa kali, nilifunga ukanda ule kwenye tawi na kuning'iniza gunia la mahindi. Likakaa. Majirani wakaja kutazama, mmoja akapanda juu ya gunia akabembea, likakaa vile vile. Nilijisikia kama baba yangu yuko pale. Mdogo wangu akanyamaza, mtamba akabaki zizini, na yule mtu wa nguzo akaondoka na mkanda wake.

Sasa wale wenye ng'ombe humu mmeshajua ninakoelekea, nawaona mnatikisa vichwa. Ngoja kwanza.

Ule ulikuwa msimu wa ukungu. Mnaujua ukungu wa upande ule wa msituni. Unashuka asubuhi, unakaa kwenye majani, unakaa kwenye nguo, mpaka saa nne bado unadondoka kutoka mitini ingawa mvua hainyeshi. Shemeji alikuwa juu ya mgrevilea mrefu tangu alfajiri. Mimi nilikuwa chini nakusanya matawi aliyokwisha kukata. Nikamsikia ananiita, tena kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Shemeji, ukanda unanyooka."

Nami bila kuinua kichwa nikamjibu, "Ngozi hunyooka kidogo. Kaza tu."

Akakaza. Nilisikia msumeno unaendelea. Halafu ukanyamaza.

Samahani. Nitaendelea.

Hakufa pale pale. Tulimpakia kwenye tela la trekta, nikamshika kichwa njia nzima, na ile barabara mnaijua. Aliongea mara moja tu. Aliuliza kama mtamba ameshatolewa kwenda malishoni. Nilimjibu kwamba ameshatolewa, na sikuwa najua. Hatukufika hospitali.

Watu walikuja wengi, na kila aliyekuja aliuliza imekuwaje. Chini ya mti kulikuwa na tawi kubwa alilokuwa amelikata asubuhi ile. Wa kwanza kuniuliza alikuwa nyapara, nikasema tawi lilivunjika. Hata sikufikiria, lilitoka lenyewe. Baada ya kulisema mara moja ikabidi niliseme tena kwa wazee, nikalisema kwa mama yake marehemu, nikalisema kwa mdogo wangu huku nimemshika mikono. Tawi lilivunjika. Wote wakakubali, kwa sababu matawi huvunjika, na kwa sababu ni mimi niliyesema.

Ukanda haukukatika. Ulikutwa umelala kwenye nyasi, mzima, fundo limejifungua, na waliouona walidhani tuliufungua sisi wakati wa kumpakia. Mtu mmoja mwema aliukunja akauweka pamoja na panga na msumeno na suruali ya marehemu, vikapelekwa nyumbani kwa mjane. Nilitaka kuudai nikaogopa. Ningesema naudai kwa nini?

Sasa nitoe nilichonacho kwenye ndoo. Huu ndio ukanda wenyewe. Jana mchana ulikuwa mkavu, na nilimwomba mchungaji afunge fundo kwa nguvu zake zote. Mchungaji, ni kweli au si kweli? Ameitikia, mmemwona. Umelala ndani ya maji tangu jana. Tazameni. Sivuti kwa nguvu, navuta kwa vidole viwili hivi. Unateleza kama utumbo, na fundo limekwenda. Ngozi mbichi ikikauka hushika, ikilowa hurudi kuwa nyama. Wafugaji wanalijua hilo, na baba yangu naamini alilijua, ila kwetu Singida hakuna ukungu wa kumkumbusha mtu. Mimi nilichukua ujuzi wa nchi ya jua nikaufunga kiunoni mwa mtu wa nchi ya ukungu. Tena nikaupima juani, mchana, ukiwa mkavu.

Basi nikaanguka mimi, ingawa nilikuwa chini. Sikupanda mti tena. Niliuza msumeno wangu. Nikahamia kwenye pombe, na kwenye pombe nilikuwa hodari kuliko mitini. Kambini kwetu shambani walianza kuniruka kwenye orodha ya kazi. Kwenda kwa mdogo wangu sikuweza, nikawa napita njia ya korongoni, mbali kabisa, ili nisikatize mbele ya nyumba yake. Yeye alidhani ni majonzi. Yule mtamba alikuwa amezaa, na mdogo wangu akawa ananitumia maziwa kwenye kibuyu kwa mtu yeyote anayepita kambini, na salamu juu yake. Sikuwahi kuyanywa. Niliyagawa, nikarudisha kibuyu kitupu, na yeye akafurahi akidhani nakunywa. Kina mama mlio humu, hamwezi kujua kibuyu kinaweza kuwa kizito namna gani.

Ilipita misimu mitatu hivi. Siku moja jioni nimekaa na wenzangu kilabuni, mmoja akaleta kichekesho. Alisema huko Daa kuna mwanamke anapanda miti. Anawapogolea watu migrevilea yao kwa debe la mahindi, amevaa suruali ya marehemu mumewe, na watoto wa shule wanasimama njiani kumtazama. Tulicheka. Mimi nami nilicheka, nawaambia ukweli, nilicheka sana. Halafu nikauliza ni mama gani.

Nilipoambiwa, kilichonijia kichwani hakikuwa aibu. Lilikuwa swali moja. Anajifunga nini?

Asubuhi nilikuwa njiani kabla watu hawajatoka. Ukungu ulikuwa mzito, nikawa natembea nasikiliza. Nilisikia msumeno kabla ya kuona mti. Alikuwa juu, juu kweli, ameegemea nyuma, mikono yote miwili kwenye kazi, na mgongoni kwake ulikuwa ukanda wa baba.

Nilitaka kupiga kelele nikajizuia, nikaona nitamshtua. Nilisogea mpaka kwenye shina nikasema taratibu, "Mdogo wangu, ni mimi. Usiegemee ukanda. Kumbatia mti, ushuke."

Akasema nimngoje amalize tawi. Nikamwambia nakuomba, kwa jina la mama yetu, kumbatia mti ushuke. Naye labda alisikia kitu kwenye sauti yangu, kwa sababu aliuacha msumeno pale pale ukining'inia, akakumbatia mti, akashuka. Miguu yake ilipogusa chini mimi nilikuwa nimeshakaa.

Nikamwambia yote. Nilimwambia hakuna tawi lililovunjika. Nilimwambia fundo lilijifungua. Alikuwa anaufungua ukanda kiunoni huku ananisikiliza, akauweka chini katikati yetu.

"Ulisema tawi," akasema.

"Nilisema tawi."

"Ukanda ulirudi mzima, kaka. Ndiyo maana niliuamini."

Ndugu zangu, nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba uongo wangu umekaa kwangu tu, unanila mimi peke yangu, na kwamba hiyo ndiyo adhabu yangu. Kumbe uongo ule ulikuwa umeutakasa ukanda. Kama ningesema ukweli siku ile, mdogo wangu angeutupa motoni. Mimi ndiye niliyempandisha mtini, asubuhi baada ya asubuhi, na watoto wale walibakiza fundo moja tu kuwa yatima kabisa.

Akaniuliza kama marehemu alisema kitu. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Nikamwambia alisema ukanda unanyooka, nami nikamjibu akaze. Hakulia mbele yangu. Alichukua panga lake akaenda nyumbani, ukanda nikauokota mimi, na msumeno tukauacha juu ya mti wa watu. Maziwa hayakuja tena. Nilistahili, lakini niliyakumbuka, maziwa ambayo sikuwahi hata kuyaonja.

Baada ya mavuno alinifuata kambini. Hakukaa. Alisema miti ipo na watoto wapo, na yeye hana kazi nyingine anayoiweza. Akasema, "Nitafutie mkanda. Ule ambao ungempa yeye." Halafu akaiangalia mikono yangu, ilikuwa inatetemeka kwa kukosa pombe, akasema mikono ya namna hiyo isiguse kitu atakachovaa. Aliondoka hivyo. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza.

Watu huuliza niliachaje pombe. Wanataka niseme nilisikia sauti. Sauti niliyosikia ndiyo hiyo.

Mnakumbuka hali ya miaka ile. Dukani ukikuta kiberiti unamshukuru Mungu, sembuse mkanda wa kupandia. Mtu wa nguzo za simu alikuwa ameshakwenda zake. Nilianza na kamba mpya ya katani. Nilifungua nyuzi zake nikakuta ndani nyeusi, inapukutika, maana ilikuwa imelala kwenye ghala lenye unyevu. Kwa nje inang'aa. Nikaiacha. Nikajaribu kanda za mpira wa tairi, zinavutika, na neno kunyooka sikutaka kulisikia tena. Niliona kamba nyingine nzuri, lakini nyembamba, ukining'inia inakukata.

Siku moja nimesimama kwenye foleni mashineni na mahindi yangu, nikautazama ule mkanda mpana unaozungusha mashine ya kusaga. Matabaka ya turubai na mpira, unavutwa kutwa nzima na hauachii. Nikamwuliza fundi wa mashine wanapeleka wapi wakibadilisha. Akanionyesha wa zamani, umetupwa nyuma ya nyumba, kuku wameulalia. Niliukunja kipande kwa kipande, kinyumenyume, kutafuta nyufa. Sehemu kubwa ilikuwa imechoka, lakini palikuwa na hatua mbili nzima kabisa. Nililipa kwa kupogoa miti yote ya kiwanja cha mashine, wakati huo nikiwa chini, kwa msumeno uliofungwa kwenye ufito mrefu.

Fundi viatu akashona. Mhunzi akafua pete kwa chuma cha springi ya lori. Wote wawili niliwalimia. Tukauloweka mkanda kwenye hori la ng'ombe siku mbili, halafu nikajaza gunia udongo. Safari hii sikulining'iniza. Nililipandisha juu nikaliachia lidondoke, kwa sababu mtu hadondoki kwa kuning'inia. Mara ya kwanza ukashika, mara ya pili ukashika. Mara ya tatu mshono ukaachia. Fundi viatu alikasirika, akasema namwaibisha mbele ya wateja, viatu vyake havidondoshwi mitini. Baadaye nikamsimulia kwa nini nadondosha gunia. Akaninyang'anya mkanda, akashona upya safu mbili, akapigilia na ribiti za chuma, na alipomaliza alikuja mwenyewe kutazama gunia likianguka. Lilianguka mara kumi.

Nikauvaa kwanza mimi. Nilikuwa sijapanda mti miaka yote ile, na miguu ilikuwa inacheza. Nikajiachia nikiwa karibu na ardhi, mkanda ukapanda mpaka mbavuni ukaninyima pumzi, ndipo tukaongeza vitanzi viwili vya mapajani vya kunikalisha. Tukaongeza na kamba ya pili, ili ukiihamisha moja kupita tawi, nyingine iwe imekushika. Nilipoona uko tayari nilimpelekea mdogo wangu. Siku ile ile tulikwenda wote wawili kwa mama yake marehemu, nikamwambia ukweli. Yule mama akainuka akaniletea kigoda nikae.

Nawashukuru hao mafundi watatu, nawashukuru kambini walionirudisha kwenye orodha, namshukuru mama wa kigoda. Sasa huku Ganako na Daa wanaopogoa kwa mikanda ya namna ile si haba, na kila anayetaka namwonyesha bure namna ya kukagua. Atautazama mshono kabla ya kila kupanda, na fundo lake atalifunga kwa mikono yake mwenyewe, si kwa maneno ya shemeji.

Na kuna jambo moja la mwisho. Mwezi uliopita mdogo wangu alikuwa juu, mimi nipo chini nakusanya matawi. Akaniita kwa sauti ya kawaida, "Kaka, mkanda unanibana."

Nilijua mkanda ule hauna tatizo. Niliushika mwenyewe asubuhi. Lakini nikaacha matawi, nikainua kichwa, nikamwambia ashuke. Akashuka, tukatazama, tukakuta ni shati tu limejikunja chini ya mkanda. Akanicheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja, na tangu tulipomzika mumewe sikuwa nimemsikia akicheka. Akasema nimemshusha mti mzima kwa ajili ya shati.

Basi ndugu zangu, mnisaidie kulibeba hili. Mtu aliye juu akikwambia neno, usimjibu. Mwambie ashuke kwanza.